Klimatizeri inapuliza lakini baridi hakuna: mbele ya kununua gazi, anza na mambo haya

Kila mwaka, mwezi wa tisa ukiingia, joto linaanza kupanda Lubumbashi. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imekwisha kusahaulika, mvua bado haijafika, na vumbi jekundu la kiangazi limelala juu ya mabati, majani na madirisha. Ndipo klimatizeri ambazo zilikaa miezi mingi bila kazi zinawashwa tena. Na ndipo malalamiko yale yale yanasikika toka kartie moja mpaka nyingine: mashine inazunguka, upepo unatoka, lakini chumba hakipoi.

Jibu ambalo wenye nyumba wengi wanapewa ni fupi: gazi imeisha. Fundi anakuja na chupa yake, anajaza, analipwa, anaenda. Baridi inarudi kwa wiki mbili, kwa mwezi mmoja, au pengine kwa msimu mzima. Kisha chumba kinarudia joto lake, na chupa inarudi. Katika nyumba ambamo kila dola imekwisha kupangiwa kazi, chupa hiyo inalipwa na pesa ya unga au ya masomo ya watoto.

Lakini gazi ya klimatizeri haiishi kama karbura ya motokari. Inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa, na kama bomba ni nzima, gazi ile iliyotiwa kiwandani inaweza kufanya kazi miaka yote ya mashine. Ikipungua, maana yake kuna mahali inatokea. Na mara nyingi haijapungua hata kidogo: shida ni vumbi, umeme dhaifu, au chumba chenyewe. Mwenye nyumba anaweza kuchunguza mengi ya mambo hayo kwa mikono yake, bila kulipa mtu.

Klima haitengenezi baridi

Ili kutafuta kosa, inafaa kwanza kujua kazi ya mashine. Klimatizeri haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani ya chumba na kulitupa inje. Sehemu ya ndani, ile inayotundikwa ukutani, inavuta hewa ya chumba na kuipitisha juu ya bomba zenye gazi baridi. Gazi inabeba lile joto. Kompresa, iliyo katika sehemu ya inje, inaikandamiza na kuisukuma mpaka kwenye bomba za inje, na kule ventilateri kubwa inalipuliza joto hewani. Gazi ikiisha kupoa inarudi ndani kuchukua joto lingine.

Klima ya BTU 12,000, ambayo inaonekana katika nyumba nyingi, inaweza kutoa joto la karibu kilowati 3.5 kwa kutumia umeme wa karibu kilowati 1 tu au kuzidi kidogo. Lakini hesabu hiyo ni ya kweli kama hewa inapita vizuri ndani, inapita vizuri inje, na kompresa inapata umeme wa kutosha. Moja kati ya hayo matatu ikikosekana, mashine itaendelea kunguruma na kula umeme, na baridi itakuwa ndogo au haitakuwepo.

Anza na telekomandi

Jambo la kwanza halina gharama. Angalia alama iliyo kwenye telekomandi. Alama ya theluji ndiyo ya kupoesha. Alama ya jua ni ya kutoa joto, ile ya tone la maji ni ya kukausha hewa, na ile ya ventilateri inapuliza hewa tu bila kompresa kufanya kazi. Mtoto akichezea telekomandi, klima inaweza kupuliza usiku mzima bila kupoesha, na hakuna kilichoharibika.

Angalia pia kipimo kilichowekwa. Wengi wanashusha mpaka 16 wakifikiri chumba kitapoa mbio. Hewa inayotoka haiwi baridi zaidi kwa sababu ya namba ile. Mashine inafanya tu kazi muda mrefu bila kupumzika, na hesabu ya umeme inapanda. Kwa chumba cha kulala, 24 mpaka 26 inatosha watu wengi.

Umeme ukirudi nyuma ya kukatika, usishtuke kama sehemu ya inje inakaa kimya. Klima nyingi zinangoja karibu dakika 3 mbele ya kuamsha kompresa, kwa kuilinda. Kuzimisha na kuwasha haraka haraka ili "kuiamsha" ni njia moja ya kuiua.

Kisha pima. Termometri ndogo ya nyumba inatosha. Acha klima ifanye kazi dakika 15, madirisha na milango ikiwa imefungwa. Weka termometri mahali hewa inapoingilia, juu ya sehemu ya ndani, soma. Iweke pale hewa inapotokea, soma tena. Tofauti ya digrii 8 mpaka 12 inaonyesha kama mashine inafanya kazi yake. Katika miji yenye unyevu mwingi, kama vile Kindu na Kisangani, au Kalemie kando ya ziwa Tanganyika, tofauti inaweza kuwa ndogo kidogo, kwani sehemu ya nguvu inaenda kukausha hewa. Lakini tofauti ikiwa digrii 3 au 4, kuna kosa la kutafuta.

Na kama tofauti ni nzuri lakini chumba bado ni cha moto? Hapo mashine haina kosa. Tutarudi kwa jambo hilo.

Vumbi la kiangazi

Fungua kifuniko cha sehemu ya ndani. Utaona chujio mbili za plastiki, nyembamba kama chandarua. Zikiwa zimefunikwa na vumbi, hewa haipiti, joto la chumba halifiki kwenye bomba, na baridi inabaki ndani ya mashine. Kuzisafisha ni kazi ya dakika kumi: zitoe, zioshe kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, zikaushe kivulini, zirudishe zikiwa kavu kabisa. Usizianike juani, kwani plastiki inajikunja. Wakati wa vumbi, fanya hivyo kila wiki mbili. Wakati wa mvua, mara moja kwa mwezi inatosha.

Dalili nyingine ya hewa kutopita ni barafu. Mtu anafungua kifuniko na kukuta bomba nyeupe kabisa, anafurahi akisema mashine yake ina nguvu. Ni kinyume. Barafu inaziba njia ya hewa, na chumba kinazidi kupata joto. Zimisha kupoesha, acha ventilateri peke yake mpaka barafu iyeyuke yote, kisha safisha chujio na uwashe tena. Barafu ikirudi hata kama chujio ni safi, bomba zenyewe zinaweza kuwa chafu kwa ndani, ventilateri ya ndani inaweza kuwa imechoka, au gazi kweli imepungua. Sasa inaomba fundi.

Sehemu ya inje inateswa

Sehemu ya inje ndiyo inayosahauliwa zaidi. Nyuma na kando yake kuna vibati vyembamba vya aluminiamu ambamo hewa inapitia. Nyuma ya miezi mitano ya kiangazi, vibati hivyo vinaweza kuzibwa na vumbi, majani makavu, manyoya na utando wa buibui. Joto lililotolewa chumbani linakosa pa kwenda. Kompresa inafanya kazi kwa nguvu zaidi, inapata moto, na mara nyingi inajizima yenyewe ili isiungue. Mwenye nyumba anaona klima inapoesha asubuhi na kushindwa saa nane za mchana, anafikiri ni gazi.

Kuisafisha si kazi ngumu, lakini inaomba uangalifu. Shusha kwanza disjonkteri ya klima. Kuzimisha kwa telekomandi hakutoshi, kwa sababu umeme ungali unafika. Toa majani kwa brosi laini, kisha mwaga maji polepole toka juu mpaka chini. Usitumie mashine ya kuoshea motokari: nguvu yake inalaza vibati, na vikilala hewa haipiti tena. Usifungue sanduku ya waya. Mule ndani kuna kondensateri, kipande kidogo kinachosaidia kompresa kuanza, ambacho kinaweza kuhifadhi umeme hata nyuma ya kukatwa na kumpiga mtu vibaya.

Angalia pia mahali ilipowekwa. Kwa kuogopa wezi, watu wanaifungia ndani ya kizimba cha chuma, na hilo si kosa kama nafasi kati ya vyuma ni kubwa. Kosa ni kuifunika kwa bati, kuisukuma karibu sana na ukuta, au kuiweka kwenye kichochoro ambamo hewa ya moto inayotoka inaingia tena upande wa nyuma. Kivuli kinasaidia, lakini kiwe juu yake, kisiwe mbele yake.

Umeme dhaifu, kompresa iliyolala

Kuna hali moja inayodanganya watu wengi mijini kwetu. Jioni, wakati kila nyumba imewasha taa, rishoo na frigo, voltaji inashuka. Ventilateri ya ndani, ambayo inaomba umeme kidogo tu, inaendelea kuzunguka. Kompresa, ambayo inaomba mwingi sana wakati wa kuanza, inashindwa. Hewa inatoka, baridi hakuna. Saa sita za usiku, majirani wakiwa wamelala, klima inapona yenyewe.

Gazi haiwezi kuisha jioni na kurudi usiku. Kosa likifuata saa, tafuta umeme mbele ya kutafuta kitu kingine. Klima za nyumba zinatengenezwa kwa umeme wa volti 220 mpaka 240, na nyingi zinaanza kuteseka voltaji ikishuka chini ya 200. Voltimetri ndogo ya kuchomeka ukutani inaonyesha namba hiyo mara moja. Isome mara mbili: klima ikiwa imezimwa, na wakati kompresa inajaribu kuanza. Ikiwa 215 inaanguka mpaka 180, waya za nyumba zinaweza kuwa nyembamba sana, au muungano mmoja umelegea na unapata moto. Muungano kama huo unaleta pia moto wa nyumba, usiuache.

Sikiliza sehemu ya inje. Ikinguruma sekunde chache, ikatoa mlio mdogo wa kukatika, kisha ikanyamaza na kurudia tena, kompresa inajaribu kuanza na inashindwa. Kama voltaji ni nzuri, kondensateri inaweza kuwa imechoka. Ni kipande cha bei ndogo ukilinganisha na kompresa, na fundi mwenye kifaa cha kupimia anaijua kwa dakika chache. Kuna nyumba zilizonunua klima mpya wakati ile ya zamani ilikuwa imekosa kipande hicho tu.

Stabilizateri inasaidia ikiwa na nguvu ya kupita ile ya klima, kwa sababu ya ule mvuto wa kuanza. Ile ndogo ya televizyo itaungua. Na umeme ukikatika, zimisha klima. Ukirudi, ngoja dakika tano mpaka utulie. Ni wakati wa kurudi ndipo umeme unaweza kuruka juu na kuchoma kadi ya mashine.

Chumba kinachoshinda mashine

Turudi sasa kwa yule mwenye termometri inayoonyesha tofauti nzuri. Mashine yake inapoesha, lakini joto linaingia mbio kuliko linavyotoka. Kwa kawaida, klima ya BTU 9,000 inafaa chumba cha kulala cha metri 12 mpaka 15 za mraba, na ya 12,000 inaweza kufika kwenye 20. Lakini hesabu hiyo ni ya chumba chenye plafo. Chini ya bati tupu, jua la mwezi wa kumi linageuza chumba kuwa tanuri, na hakuna klima ndogo itakayoshinda bati lile saa nane za mchana.

Weka plafo, funga nafasi iliyo chini ya mlango, tundika pazia nzito kwenye dirisha linaloangalia magharibi, toa frigo ndani ya chumba kinachopoeshwa. Kazi hizo ni za seremala na fundi wa kushona, na mara nyingi zinaleta baridi kuliko chupa ya gazi.

Wakazi wa Goma na Bukavu, karibu metri 1,500 juu ya usawa wa bahari, wanaweza kuishi miaka bila kuwaza mambo haya. Uvira, chini kwenye uwanda wa Ruzizi, pazia na plafo zinajulikana thamani yake.

Ikiwa kweli ni gazi

Mambo haya yote yakiisha kuchunguzwa na tofauti ya termometri bado ni ndogo, inawezekana gazi imepungua. Angalia pale bomba za shaba zinapoungana na sehemu ya inje. Alama ya mafuta yenye vumbi lililoshikamana ni dalili kubwa: gazi inatembea pamoja na mafuta ya kompresa, na inapotokea inaacha mafuta yale nyuma. Fundi anapaka povu la sabuni mahali pale. Mapovu yakivimba, tundu limepatikana.

Kujaza bila kuziba tundu ni kumwaga maji ndani ya kikapu. Gazi itatoka tena, na mafuta yatapungua pamoja nayo, mpaka siku kompresa itakapokwama. Siku ile hasara haitakuwa ya chupa moja. Itakuwa ya karibu mashine nzima.

Kazi inayofanywa vizuri ina mpangilio wake. Tundu linazibwa. Bomba zinajaribiwa kwa azoti yenye presha, kamwe si kwa oksijeni, kwani oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka na inaweza kuua. Kisha pompi inanyonya hewa na unyevu wote uliobaki ndani. Mwishoni gazi inatiwa kwa kupima uzito kwenye mizani, kufuatana na namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya chuma iliyo ubavuni mwa sehemu ya inje. Kutia nyingi kuliko namba ile kunaharibu pia: baridi inapungua na kompresa inateseka.

Karatasi hiyo ya chuma inataja pia aina ya gazi, na aina hazichanganywi. Mashine za zamani zinatumia R-22. Nyingi zilizofuata zinatumia R-410A, ambayo presha yake inapita ile ya R-22 kwa karibu asilimia 60. Nyingi za sasa zinatumia R-32, ambayo inaweza kuwaka moto; anayechomelea bomba zake bila kuitoa kwanza anahatarisha uso wake na nyumba ya watu. Fundi asiyesoma karatasi ile mbele ya kufungua chupa, afadhali aachwe aende.

Kuna sababu nyingine ya kutoachia gazi hewani. R-22 inakula tabaka la ozoni linalotukinga na miali mikali ya jua, ndiyo maana inaondolewa polepole kufuatana na Mapatano ya Montreal ya mwaka wa 1987. R-410A na R-32 haziharibu ozoni, lakini zinaongeza joto la dunia: kilo moja ya R-410A ni sawa na kilo zaidi ya 2,000 za gazi ya kaboni. Ni kwa sababu hiyo, mwezi wa kumi 2016, mataifa yalikutana karibu nasi, Kigali, na kukubaliana kupunguza gazi za namna hiyo. Tundu lisilozibwa linachota mfuko wa mwenye nyumba, na linarudisha joto lile lile alilotaka kulikimbia.

Maswali manne kwa fundi

Mafundi wazuri wa frigo na klima wapo katika kila mji, na hawakasiriki wakiulizwa. Mbele ya kukubaliana bei, muulize: gazi imetokea wapi? Utaziba namna gani? Una pompi ya kunyonya hewa? Una mizani? Mwenye kujibu yote manne anastahili malipo yake, hata kama anaomba zaidi ya jirani yake. Yule anayejibu "tujaze tu, tutaona" anakuomba umlipe tena mwezi ujao.

Na wakati mzuri wa kumwita si siku ya joto kali, wakati kila nyumba inamtafuta na bei imepanda. Ni mwezi wa nane, mbele ya joto kuanza. Siku ile osha chujio, safisha sehemu ya inje, washa klima dakika 15 na upime kwa termometri. Andika zile namba mbili kwenye karatasi na ibandike karibu na mashine. Mwaka ujao, mtu akisema gazi imeisha, utakuwa na kitu cha kumwonyesha.